Madume Sita na Taji la Nuu

Siku Kilonzo alipokiona kile kiti, alikuwa ameketi kivulini nyuma ya soko la Nuu akisubiri mjinga apite. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wengine hulima, wengine huchonga vinyago, yeye alisubiri. Lakini mwaka huo wa sitini na tisa mvua ilikuwa imegoma, watu hawakuwa na cha kutapeliwa, na kusubiri kwenyewe kulikuwa kumeanza kumkondesha.

Kiti kilikuja kimebebwa na wanaume wawili. Kilikuwa kizito, cha mbao nyeusi, na mahali pa kuwekea mikono palichongwa simba wawili ambao, kwa haraka ya mchongaji, walifanana na mbwa wenye njaa. Nyuma yake alifuata mzee mnene mwenye koti refu la jeshi, jasho likimtiririka. Kiti kikawekwa mbele ya duka, mzee akaketi, akaanza kulitazama soko.

"Huyo ni nani?" Kilonzo alimwuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza mbaazi.

"Ni Nzioka. Hiyo duka ni yake, na ng'ombe zote unaona huko mtoni ni zake. Alienda Nairobi kuona maonyesho, akaona watu wakubwa wamewekewa viti. Tangu arudi hakai kwa kitu ingine."

"Ni chifu?"

"Hata si chifu. Ni kiti tu."

Kilonzo aliutafakari mkao wa yule mzee kwa muda. Mtu mwenye kiti kama kile, aliona, amekosa kitu kimoja tu, nacho ni sababu ya kukikalia. Sababu ndizo bidhaa alizokuwa akiuza Kilonzo.

Inafaa tuseme hapa, kwa heshima zote, kwamba Wakamba hatujawahi kuwa na mfalme. Si kwamba tulikosa watu wa kutaka ufalme. Tulikosa watu wa kukubali kutawaliwa. Mtu akisimama mbele ya Wakamba watano akasema yeye ndiye mkubwa wao, ataulizwa maswali matano, na la mwisho litamhusu mama yake. Ndiyo maana hakuna aliyejaribu kwa muda mrefu. Kilonzo aliyajua hayo, lakini yeye hakuhitaji Wakamba watano. Alihitaji mmoja, na alikuwa amekwisha kuketi.

Kwa upande wa vifaa, Kilonzo alikuwa na suti ya kijivu, viatu vyenye ncha kali, na ulimi. Alikulia katika mji wa Kitui, nyuma ya stendi ya mabasi, na aliwahi kuwauzia wazee fulani wa mji wa Wote darubini ya kuonea mvua ikiwa bado baharini. Safari hii alinunua karatasi ngumu, akailoweka katika chai ya rangi, akailaza chini ya godoro siku mbili ili izeeke. Akaandika barua ndefu kwa wino mweusi. Ikabaki muhuri.

Muhuri ulimsumbua kidogo, mpaka alipokumbuka nakshi aliyoiona Kwa Vonza siku moja basi lilipomwacha. Ilikuwa imekatwa kwenye mzinga wa nyuki uliotundikwa mtini: mistari miwili iliyopinda kama pembe, na chini yake nukta tatu. Kilonzo aliipenda. Alidhani mwenye mzinga alikuwa akijifurahisha tu na kisu chake. Akaichora chini ya barua kwa wino mwekundu.

Mtoto yeyote wa kijijini angemwambia kwamba hiyo si nakshi. Kila ukoo una alama yake, na ndani ya ukoo kila mwenye mizinga huongeza yake kidogo. Hukatwa kwenye mizinga, kwenye mishale na kwenye masikio ya ng'ombe, na hakuna anayeibandika ya mwenzake bila ya kuitwa mwizi. Lakini Kilonzo alikuwa mtoto wa stendi, na alama pekee alizofundishwa ni namba za mabasi.

Wiki iliyofuata alifika kwa Nzioka, akapewa kigoda, akakataa.

"Siwezi kukaa mbele yako, mzee," alisema. "Wacha nimalize kusema kwanza. Halafu wewe mwenyewe utaniambia kama mtu kama mimi anafaa kukaa."

Hakuna mtu aliyewahi kukataa kukaa mbele ya Nzioka. Jambo hilo lilimpendeza sana.

Habari zenyewe zilikuwa hivi. Babu ya babu yake Nzioka aliongoza misafara ya pembe za ndovu mpaka pwani. Hapo hapakuwa na ubishi, maana babu wa kila mtu wa Nuu alikwenda pwani, au alisema alikwenda. Huko sultani mmoja alimpenda, akampa taji la dhahabu pamoja na nchi yote kuanzia Nuu hadi mto Tana. Wakati wa kurudi homa ikamshika, akaliacha taji kwa walinzi katika vilima vya Mbooni. Walinzi hao wamelitunza vizazi vinne, wakimngoja mwenyewe. Kwa kazi hiyo yote hawataki malipo, ila desturi tu: madume sita wa ng'ombe, wasio na kilema.

Kilonzo alikuwa amewaona hao madume sita mtoni siku tatu kabla. Kama wangekuwa saba, desturi ingekuwa saba.

Nzioka aliishika barua, akaigeuza huku na huku. Kusoma hakujua, na mambo ya mizinga alikuwa ameyaacha tangu afungue duka, kwa hiyo aliutazama ule muhuri mwekundu akaona utukufu mtupu.

"Nilikuwa najua," alisema polepole. "Tangu nikiwa mdogo nilikuwa najua iko kitu."

Mlangoni alikuwa amesimama bintiye, Ndinda, na kibuyu cha maziwa mkononi. Alikuwa na miaka ishirini. Wale madume sita alikuwa amewalea yeye tangu wakiwa ndama. Katika kiangazi cha kabla ya hicho aliwaswaga peke yake hadi Tana na kuwarudisha wote wakiwa hai. Na alikuwa na mpango nao. Kule Kwa Vonza kulikuwa na mfanyabiashara aitwaye Salim aliyekuwa na mashine ya kusagia unga pamoja na injini yake ya dizeli, naye alikubali kuitoa kwa madume sita. Wanawake wa Nuu walitembea nusu siku kwenda kusaga, na nusu siku kurudi. Mama yake Ndinda alipinda mgongo kabla ya kufika miaka arobaini kwa kubeba mahindi, akafa hajawahi kunyooka. Ndinda aliitaka mashine hiyo kuliko kitu chochote duniani, na aliitaka iwe yake, kwa jina lake.

Baba yake alikuwa amekubali, kwa namna yake. Alisema baada ya mvua. Kisha akasema baada ya mavuno. Kisha akasema baada ya Krismasi, bila ya kutaja Krismasi ya mwaka gani. Sasa Salim alikuwa ametuma neno: angengoja mpaka siku ya soko ya wiki ya pili, halafu mashine angeichukua mtu wa Wote.

Ndinda aliweka kibuyu chini, akaichukua barua, akaisoma yote. Alipofika kwenye muhuri alikaa nao muda mrefu.

"Hii alama ni ya nani?"

"Ni muhuri ya kifalme," alisema Kilonzo. "Iko moja tu dunia nzima."

"Moja tu," alisema Ndinda, akamrudishia. "Baba, hiyo taji lazima iletwe. Na si kazi ya kutuma mtu. Kama wewe ni mfalme, basi mimi ni binti mfalme. Nitaenda mwenyewe na hao ng'ombe. Bwana Kilonzo atanionyesha njia."

Nzioka alilengwalengwa na machozi. Alfajiri ya siku ya pili alikwenda mwenyewe kuondoa miiba mlangoni mwa zizi, akiwa amevaa lile koti.

Kilonzo aliupima mpango huo mpya haraka, akaridhika. Msichana mmoja na madume sita barabarani ni afadhali kuliko mfalme na wapwa zake wenye pinde. Mjini Mwingi alikuwa na rafiki mchinjaji. Na kama Mwingi ingeshindikana, Mbooni alikuwa na rafiki mwingine.

"Ni heshima kubwa kwangu, binti mfalme," alisema, akainama.

Ndinda naye alikuwa ameipima barua yake. Babu yake alimfundisha alama za mizinga kabla hajaenda shule kufundishwa herufi, na hii aliijua vizuri, kwa sababu alikuwa amepita chini yake mara tatu alipokwenda kupatana na Salim. Angeweza kumwambia baba yake pale pale. Lakini baba angeisikiliza suti kuliko binti, hilo alilijua. Na zaidi ya hapo, kwa miaka miwili alikuwa akiomba mlango wa zizi ufunguliwe. Leo umefunguliwa, na mwenye zizi mwenyewe. Hakuwa mjinga wa kuufunga.

Safari ikaanza. Hadithi nyingi husema mabinti wa wafalme husafiri juu ya farasi mweupe. Huyu alisafiri kwa miguu nyuma ya mikia sita, na fimbo ya mkole, na msafiri mwenzake akiwa mbele kabisa ili vumbi lisiharibu suti. Kufikia saa nne vumbi lilikuwa limeipata suti. Kufikia saa nane viatu vyenye ncha vilikuwa vimemchubua vidole vyote kumi. Jioni, Ndinda alivichukua, akaenda navyo kwa fundi mmoja kando ya njia, akarudi na akala za mpira wa gari.

"Viatu vyangu viko wapi?"

"Nimebadilisha na hii. Vaa, kesho tunaenda mbali. Halafu kata miiba, zizi haitajijenga."

Kilonzo hakuwa amewahi kukata mwiba. Alikata, akachomwa. Siku ya pili alichimba mchanga mtoni mpaka kifuani kutafuta maji, akawanywesha madume mmoja mmoja kwa kibuyu, huku dume mmoja mwekundu akimlamba shingo. Akajipa moyo kwamba kila mtaji una jasho lake.

Ili kupunguza uchovu alianza kumsimulia binti mfalme hatari zilizokuwa mbele.

"Hao walinzi wako na nyoka," alisema. "Ya vichwa saba. Inakaa juu ya taji, mchana na usiku."

"Inakula nini?"

"Nani?"

"Hiyo nyoka. Vichwa saba, vyote vinakula?"

Kilonzo hakuwa ameulizwa swali hilo katika miaka yote ya kazi. "Vinakula kwa zamu," alisema mwishowe.

"Na tumbo ni moja?"

"Moja."

"Basi hiyo ni shida ya kichwa ya saba. Swaga huyo mwekundu, anaingia shamba ya watu."

Mjini Mwingi, Ndinda alipokwenda kununua chumvi, Kilonzo alikimbia kumleta rafiki yake mchinjaji. Mchinjaji aliwazunguka madume, akawapapasa migongo, akatabasamu.

"Ni wazuri. Pamiti iko wapi?"

"Pamiti ya nini?"

"Ya ng'ombe kutoka Nuu. Kuna ugonjwa, hakuna ng'ombe inatembea bila pamiti. Nikikamatwa na hawa nitalala ndani wewe ukikula pesa."

Kilonzo alimpata Ndinda dukani, akamsalimu kwa upole mwingi. "Binti mfalme, ile karatasi ya ng'ombe, nikubebee. Isije ikalowa."

"Italowa na nini? Mvua ya mwisho ilikuwa Aprili." Akaipapasa leso aliyojifunga kichwani, mahali kilipokuwa kibali alichokikata kwa bwana mifugo kabla ya kuondoka Nuu, akaendelea kuchagua chumvi.

Kwa hiyo akabaki na Mbooni. Kutoka Mwingi walipita Kitui siku ya nne, na katika mji wake mwenyewe Kilonzo alitembea ameinamisha uso, kwani marafiki zake wa stendi wangemwonaje, mtu wa suti, na akala miguuni, akipiga miluzi nyuma ya ng'ombe. Walimwona. Mmoja alimwuliza kama anauza maziwa.

Siku ya sita, ambayo ndiyo iliyokuwa siku ya soko, waliingia Kwa Vonza. Ndinda aliwaelekeza madume uani mwa Salim, akafunga lango.

"Tumefika," alisema.

"Bado," alisema Kilonzo. "Walinzi wako Mbooni. Hapa ni Kwa Vonza."

Salim alikuwa amekwisha kutoka dukani, kofia kichwani na kalamu sikioni. "Karibu, dada yangu. Mtu wa Wote amefika saa mbili, anakunywa chai ndani. Nilimwambia anywe polepole." Akawatazama madume, wakamridhisha, akapiga makofi, na vijana wake wakaanza kuipakia mashine kwenye lori lililokuwa likielekea upande wa Nuu kuchukua mbuzi. Kilonzo alisimama mdomo wazi. Ilimchukua muda kuelewa kwamba alikuwa anatazama biashara, na kwamba yeye hakuwamo.

"Binti mfalme," alisema, na sauti yake haikuwa na asali tena. "Hawa ni ng'ombe za walinzi."

"Toa barua," alisema Ndinda. Alipoitoa, akamwonyesha juu ya mti uliokuwa kando ya lango. Mizinga minne ilining'inia pale, na kila mmoja ulikuwa na pembe mbili na nukta tatu. "Si ulisema iko moja tu dunia nzima? Mimi nimefuata muhuri yako. Kama imekosea njia, si mimi nimeichora."

Chini ya mti alikuwa ameketi mzee mwembamba akinoa kisu. Jina lake lilikuwa Kiema, na mizinga ilikuwa yake. Alinyanyuka taratibu, akaja, akaitazama karatasi.

"Nani amechora alama yangu?"

Majibu matatu yalimjia Kilonzo kwa pamoja, yote mazuri, yakagongana mlangoni mwa mdomo.

"Ninauliza vizuri," alisema Mzee Kiema. "Anayeweka hii alama ni mtu wa mbai yetu, ukoo wetu, ama ni mwizi. Kama ni wa mbai, leo tuko na mwethya, kazi ya pamoja, watu wanachimba silanga ya maji huko chini, achukue jembe. Kama ni mwizi, nitaita hao watu waje hapa na majembe yao."

Kilonzo aliangalia huko chini. Walikuwa wengi.

"Mimi ni mtoto wenu, mzee," alisema.

"Wa nani?"

Hapo ulimi uliowauzia watu mvua ikiwa baharini ukakaa kimya.  Mzee Kiema alingoja, kisu mkononi, na kungoja kwake kulikuwa kubaya kuliko kelele.

"Ni mtu wangu, Mzee," alisema Ndinda. "Amenisaidia kuswaga ng'ombe kutoka Nuu. Amekulia town, hajui mzinga na pipa. Umsamehe kwa ajili yangu."

Mzee Kiema alimtazama Kilonzo kuanzia kichwani mpaka kwenye akala, akaamini kwamba hajui. Akaichukua barua, akaikata alama yake kwa ncha ya kisu, akaitia mfukoni, akairudisha karatasi iliyobaki na tundu. "Sasa chukua. Ni karatasi tu."

Ndinda alimvuta Kilonzo pembeni mwa lori. 

"Sikiza," alisema. "Ng'ombe walikuwa wa Baba. Nikirudi na mashine bila taji, atasema nimeuza ufalme yake, na mashine ataichukua aiweke kwa duka. Njia yote nimekuwa nikiogopa hiyo siku. Mimi sijui kusema maneno kama wewe. Utarudi na mimi, utamwambia Baba."

"Nimwambie nini?"

"Wewe ndiye uliunda taji. Ujue mahali imeenda."

"Na nikikataa?"

"Mzee Kiema hajaenda mbali."

Hivyo ndivyo Kilonzo alivyorudi Nuu, juu ya lori, ameegemea injini ya dizeli, akitunga. Tumpe haki yake. Alikuwa mwongo, lakini hakuwa mvivu wa uongo.

Nuu nzima ilikuwa imekusanyika. Nzioka alisimama mbele ya duka lake, amenyoa, amepaka mafuta, kichwa wazi tayari kwa taji. Lori lilipofunguliwa na chuma kikaonekana, watu walianza kucheka. Uso wa mzee ulianguka, na Ndinda, ambaye kwa siku zote hizo hakuwa amemhurumia mtu, alimhurumia baba yake.

"Taji iko wapi?" aliuliza Nzioka kwa sauti ndogo.

Kilonzo alipanda juu ya pipa la dizeli, akaikunjua barua yenye tundu.

"Mzee, nimewaona walinzi," alisema, na kicheko kikapungua, maana sauti ile ilikuwa imerudi. "Nilitaka dhahabu kama wewe. Wakaniambia, dhahabu ya mzee wa kwanza tuliyeyusha zamani, mwaka wa njaa kubwa. Mfalme wa dhahabu hukaa na dhahabu yake peke yake. Mwambieni Nzioka tumemtengenezea taji ya watu. Mnaiona hii mashine? Kuanzia kesho, kutoka Mui mpaka Ukasi, watu watabeba magunia waje hapa. Mama akiulizwa unaenda wapi, atasema naenda kwa Nzioka. Mtoto akiulizwa mama ako wapi, atasema ameenda kwa Nzioka. Ni chifu gani, ni mbunge gani anatajwa hivyo kila siku ya Mungu na watu wenye njaa?"

 Wanawake wakaanza kupiga vigelegele, kwa sababu wao walikuwa wameelewa kwamba ile ni mashine ya kusaga, na hawakujali imetoka kwa sultani au kwa shetani. Nzioka aliwasikiliza. Uso wake ukapanda polepole mpaka ukafika mahali ulipokuwa kabla ya lori kufunguliwa, kisha ukapita.

Kilonzo angeshuka hapo, mambo yangekwisha vizuri kwake. Lakini vigelegele vilimlevya. Aliona mzee amelainika, watu wamelainika, na mazoea ya maisha yake yote yakamshika mkono.

"Na kuna mstari wa mwisho sikuwa nimesoma," alisema, akiipeleka barua karibu na macho, ingawa mahali alipokuwa akisoma palikuwa na tundu. "Inasema hivi. Yule ataleta hii taji, mfalme atampa nusu ya kila kitu ako nayo. Mbele ya watu."

"Iwe hivyo," alisema Nzioka, kwa sauti ya mtu aliyengoja miaka mingi kusema maneno kama hayo. "Nimesema mbele ya soko yote. Aliyeleta ajitokeze."

Kilonzo alishuka kwenye pipa, mikono imefunguka. Ndinda alikuwa amekwisha kufika mbele ya baba yake. Alifungua leso, akatoa kibali, akampa mwalimu wa shule ya kanisa.

"Soma, mwalimu. Hii imegongwa muhuri Mwingi, Kitui, na Kwa Vonza."

Mwalimu akavaa miwani. "Madume sita, kutoka Nuu mpaka Kwa Vonza. Mwenye safari, Ndinda wa Nzioka." Akageuza upande wa pili. "Mtu wa kuswaga, Kilonzo."

Soko lilicheka mpaka ng'ombe wakageuka kutazama.  Mstari ulikuwa wa Kilonzo, na aliusoma mwenyewe kwa sauti.

"Baba," alisema Ndinda, "nusu ya mali siitaki. Duka ni yako, ng'ombe zimebaki ni zako, na watu wakisema wanaenda kwa Nzioka sitawakataza. Mimi nachukua mashine. Iandikwe jina yangu, hapa, mbele ya hawa watu."

Nzioka alimtazama bintiye. Tumesema kwamba alikuwa mtu wa kiti, lakini hakuwa mjinga kabisa, na pengine alianza kuona ni nani aliyekuwa akimwongoza nani tangu siku ile ya zizi. Hata hivyo mfalme akishasema amesema, hasa akiwa amesema siku hiyo tu kwa mara ya kwanza.

"Mwalimu," alisema, "andika."

Mwalimu aliandika. Ndinda aliishika ile karatasi, akaisoma, akairudia, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote bila ya aibu, kwa ajili ya mama yake.

Mashine ilifungwa nyuma ya duka siku tatu baadaye. Injini ya dizeli haiamki kwa maneno. Inataka mtu wa kuzungusha mpini kwa nguvu, na wanaume wa Nuu walikuwa wakijadiliana nani aanze. Kilonzo alikuwa bado yupo, kwa sababu lori lilikuwa bado linatafuta mbuzi. Ndinda akamwonyesha mpini kwa kidevu. Alizungusha mara ya kwanza, ikakohoa. Mara ya pili ikamrusha chini. Mara ya tatu ikaamka, ikanguruma, na ardhi ya Nuu ikatetemeka kidogo. Wanawake wakasukumana na magunia yao. Siku nzima Kilonzo alimimina mahindi juu na kukinga unga chini, mpaka suti ya kijivu ikawa nyeupe, na hakuna aliyemwuliza alitoka kwa sultani gani.

Jioni honi ya lori ililia. Ndinda alichukua mfuko mdogo, akaujaza unga, akaufunga, akampa.

"Hii ni ya nini?" aliuliza Kilonzo.

"Umefanya kazi. Ni yako."

Kilonzo aliupokea kwa mikono miwili. Unga ulikuwa bado na joto la mashine. Alimtazama Ndinda, akautazama mfuko, akatazama huku na huku. Kisha akaupachika ndani ya koti, akatoka kwa kupitia nyuma ya duka, akashika njia ya kwenda kwenye lori, haraka haraka, akigeuka nyuma kila hatua chache, ingawa hakuna mtu aliyekuwa akimfukuza.